Katana: Kampuni zikiuziana, akiba ya mteja inakwenda wapi?

Mkaaji wa Katana aliyenunua namba ya 099 wakati wa Celtel anaweza kuwa angali anaitumia leo, bila kuibadilisha hata mara moja. Kilichobadilika ni jina la kampuni. Mwaka 2008 Celtel iliitwa Zain. Mwaka 2010 kampuni ya Bharti kutoka Uhindi ilinunua mitandao ya Zain katika inchi 15 za Afrika, na jina likawa Airtel. Majina matatu, namba ileile.

Katika kituo hiki cha eneo la Kabare, kwenye barabara inayotoka Bukavu kwenda Goma, jambo hilo si dogo. Benki za Goma na Bukavu zilifunga milango mwanzoni mwa 2025, waasi wa M23 walipoiteka miji hiyo. Tangu hapo simu imekuwa sanduku la feza kwa watu wengi: muuza sambaza, mwalimu, mama mwenye mtoto anayesoma mbali. Jina la kampuni likibadilika, wanachouliza ni kimoja tu: feza yangu ingali pale?

Kubadilisha jina na kuunganisha kampuni mbili si kitu kimoja. Jina likibadilika peke yake, rangi ya kabine inapakwa upya na hesabu inabaki ilivyokuwa. Kampuni mbili zikiungana, kuna hesabu mbili, na moja lazima ifungwe.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Tigo. Orange ya Ufaransa ilikuwa imeingia Kongo mwaka 2011 kwa kununua Congo Chine Télécoms, CCT. Mwaka 2016 ilinunua Tigo kutoka kwa Millicom kwa dola milioni 160. Namba za 089 za Tigo zilihamia Orange pamoja na wenyewe. Lakini inchi haikuweza kubaki na Tigo Cash na Orange Money chini ya mwenye mali mmoja. Leo imebaki Orange Money.

Duniani, mahoteli yanaonyesha vizuri zaidi ugumu wa hesabu hiyo. Marriott ya Marekani ilinunua Starwood mwaka 2016. Kila moja ilikuwa ikiwapa wateja wake pointi za kulala bure. Mwaka 2018 pointi hizo ziliunganishwa: moja ya Starwood ilihesabiwa kuwa tatu za Marriott. Mwaka 2019 mpango mzima ukapewa jina Marriott Bonvoy.

Kuna pia watu wanaolipia mapema haki ya kukaa siku kadhaa kila mwaka katika nyumba za mapumziko, kisha hubadilishana nafasi na wenzao wa mahali pengine. Mwaka 2018 Marriott Vacations ilinunua ILG, mwenye Interval International, mtandao mkubwa wa kubadilishana nafasi hizo. Mwaka 2022 ilileta Abound, mpango unaokusanya wenye nafasi za Marriott, Sheraton na Westin.

Kote huko, aliyepanga kitu kimoja kihesabiwe kuwa vingapi ni kampuni iliyonunua. Mteja alipewa taarifa tu.

Kwa hiyo, kwa mkaaji wa Katana, ulinzi wa kwanza uko mkononi mwake. Namba iandikishwe kwa jina lake na kitambulisho chake, isiwe kwa jina la mwenye kabine aliyemuuzia. Kampuni ikitangaza kuungana na nyingine, aandike salio lake na tarehe, na asifute ujumbe wa kampuni. Bonasi na megabaiti azitumie mapema, kwa sababu hizo ndizo rahisi kupotea njiani; feza yenyewe ni deni ambalo mnunuzi anarithi.

Akipigiwa na mtu anayemwomba namba ya siri «ili tukuhamishe kwenye mtandao mpya», akate simu. Huyo ni mwizi.

Salio likipungua, aanzie kwenye ofisi ya kampuni akiwa na ushahidi wake. Mbele zaidi kuna ARPTC, inayosimamia mawasiliano, na Benki Kuu ya Kongo, inayosimamia feza za simu. Ofisi hizo ziko mbali na Katana, na vita imezidisha umbali huo. Ndiyo maana karatasi yenye salio na tarehe, iliyowekwa vizuri nyumbani, ina thamani kubwa.