Mgongo Unabeba na Tumbo Pia

Ndugu wanachama, mvua inakaribia. Huku kwetu Kolwezi, ikianza mwezi wa 10 hakuna kupumzika tena: mituta, kupanda, kupalilia. Kazi yote hiyo ni ya mgongo. Na kwenye mikutano ya koperative maneno ni yale yale: "Kiuno inaniuma." Tunalaumu jembe, tunalaumu mifuko. Uzito wa mwili wetu wenyewe hatuutaji.

Tuchukue bidoni ya maji ya litri 20. Ni kilo 20. Ukiikumbatia kifuani, unatembea nayo. Ukiishika mbele kwa mikono iliyonyooka, kiuno kinalia mara moja. Tumbo kubwa ni bidoni ile ya mbele: linavuta mgongo, na misuli ya kiuno inavuta kurudi nyuma. Tena bidoni unaitua. Tumbo hulitui, hata kanisani.

Kati ya mifupa ya uti wa mgongo kuna vigodoro laini. Vile vya kiunoni ndivyo vinabeba uzito mwingi zaidi. Kimoja kikichakaa na kutokeza, kinaweza kubana mshipa wa fahamu, na maumivu yanashuka mpaka mguuni. Ni kweli, hata wembamba wanaumwa mgongo. Lakini uzito uliozidi unaongeza hatari.

Shida ni kwamba kupunguza kilo kunaleta maneno. Mtu akinenepa, wanasema iko na pesa. Akikonda: "Ule iko na ugonjwa." Mama naye anaogopa watasema bwana yake hamlishi. Basi tusikilize kamba, siyo majirani. Pima urefu wako kwa kamba, toka kisigino mpaka utosi. Ikunje katikati, halafu uizungushe tumboni, juu kidogo ya kitovu. Ncha zisipokutana, tumbo limezidi. Mama mwenye mimba asitumie kipimo hiki.

Hatusemi mtu alale na njaa. Jembe linataka nguvu. Punguza bukari kidogo, ongeza matembele, sombe na maharagi. Mafuta yawe kwa kipimo. Kunywa maji kuliko pombe na vinywaji vya sukari. Kiangazi, kazi ikipungua, tuendelee kutembea. Na kiuno kikiuma, usilale kitandani siku nyingi: tembea taratibu, ndiyo inasaidia.

Na mifuko je? Tangu 1967, Shirika la Kazi la Kimataifa linashauri mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke apewe mzigo mdogo zaidi sana. Mwenye bidoni tumboni amekwisha kubeba kabla hajagusa mfuko. Koperative inaweza kuamua: mfuko mkubwa ugawanywe mara mbili, ama upande kinga.

Kuna dalili zisizongoja. Miguu ikikosa nguvu au ikifa ganzi, mkojo ukitoka wenyewe au ukikataa kutoka, nenda hospitali siku ile ile. Maumivu yakija pamoja na homa na kukonda bila sababu, mwone munganga upesi: kifua kikuu kinaweza kuingia hata kwenye uti wa mgongo.

Kwenye mkutano ujao, kila mmoja aje na kamba yake. Ni kazi ya dakika 5, na afadhali tuifanye kabla ya mvua.