Utangulizi: Mji Uliofichwa Kwenye Picha

Kwetu pwani mtegaji husema "Kitendawili!", mkaitikia "Tega!", na ukishindwa anakudai mji. Unampa Tanga au Lamu, anajigamba kwanza alivyopokelewa huko, ndipo akutajie jibu. Vitendawili tunavitega hata hapa Al Muraqqabat, upande wa Deira, Dubai, katika vyumba tunavyopanga kitanda kimoja kimoja karibu na kituo cha metro cha Salah Al Din. (Mwenzetu mmoja aliona uchungu kutoa mji wa kwao, akatoa Dubai. Tukamwambia hiyo si yake kutoa.)

Karibu basi kwenye vitabu vya mafumbo ya picha vya watu wazima. Havina ukurasa wa majibu nyuma, na mara nyingi humu mji ndio jibu.

Anza na *Masquerade* cha Mwingereza Kit Williams. Mwaka 1979 alifukia sungura wa dhahabu, akatoa kitabu cha kumtafutia, chenye picha 15, kila moja imezungukwa na maandishi. Mimi niliyakazania yale maandishi, nikayasoma kama jina la kanga. Kumbe ufunguo ni macho: weka rula kwenye jicho la kiumbe kilichochorwa, ipitishe kwenye kidole chake kirefu kuliko vyote, mstari utaangukia herufi moja kwenye pindo. Herufi zinazaa maneno, na herufi za mwanzo za maneno hayo zinakutajia Ampthill, mji mdogo wa Bedfordshire. Walimu wawili wa fizikia walilifumbua fumbo barabara, ila mwaka 1982 sungura alikwenda kwa mtu aliyepata fununu za pembeni. Iliniuma, na sungura hakuwa wangu.

*Maze* cha Christopher Manson, cha 1985, kina vyumba 45 na milango yenye namba; kichukue ukishakomaa.

Kinachoninyima usingizi ni *The Secret* cha Byron Preiss, cha 1982: michoro 12, beti 12, masanduku 12 yaliyofukiwa katika miji ya Amerika Kaskazini. Lazima kwanza ujue ubeti upi ni wa mchoro upi. Chicago lilipatikana moja, Cleveland moja, na mwaka 2019 moja likafukuliwa Boston. Preiss alifariki mwaka 2005. Kwa yaliyobaki, hata ukikiri umeshindwa, hayupo wa kumpa mji.