Mifuko chini ya macho si ya usingizi pekee

WENGI hudhani mifuko inayojitokeza chini ya macho husababishwa na kukosa usingizi. Sivyo daima. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Umri unaposonga hulegea, nao utando unaozuia mafuta yanayolizunguka jicho hudhoofika, mafuta yakasukumwa mbele.

Krimu, hata ya bei ghali, haiwezi kuyarudisha. Upasuaji huyapunguza au kuyahamisha, ila ngozi ikikatwa kupita kiasi kope hugeuka nje na jicho likakauka. Sindano za kujaza mashimo huonekana nyepesi, kumbe dawa ikiingia mshipani yaweza kupofusha!

Uvimbe unaozuka ghafla, hasa asubuhi na pamoja na wa miguu, huenda ukaashiria maradhi ya figo. Hapo anahitajika daktari, wala si mrembaji.