Tumbo Hujuaje Siku ya Kuzaa?

Wajukuu zangu, wengi wenu mnafuga mbuzi nyumbani, basi tuanzie zizini. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi. Muda wote huo ovari zake hutoa homoni iitwayo projesteroni, inayoutuliza msuli wa mfuko wa uzazi usibane mapema. Siku zikitimia, mtoto aliye tumboni hutoa homoni yake mwenyewe, kortisoli, nayo huanzisha mambo yanayoishusha projesteroni ya mama yake. Ikishuka, msuli huamka. Ukimpima mbuzi damu siku hizo, utaona wazi kwamba projesteroni imepungua.

Sasa njooni kwa mama zenu. Mimba yao ni ya wiki 40 hivi, na projesteroni ndiyo hiyohiyo. Lakini mama akishikwa na uchungu, ukimpima damu utaikuta homoni hiyo bado imejaa tele! Basi msuli unabanaje? Wataalamu wamelihangaikia swali hili miaka mingi, na kwangu mimi ni moja ya maswali matamu kabisa kuhusu mwili wa binadamu.

Jibu limo ndani ya seli za msuli wenyewe. Kila seli ina jeni 20,000 hivi, na jeni ni maelekezo ya kutengeneza protini. Mimba haizibadilishi jeni za mama. Kinachobadilika ni zipi zinatumika na zipi zimenyamaza. Watu walijuaje? Mama anapojifungua kwa upasuaji, akiridhia, daktari hukata kipande kidogo cha msuli ukingoni mwa mkato. Maabara hupima RNA, yaani nakala zinazotolewa na jeni iliyo kazini, kisha hulinganisha msuli wa mama ambaye bado hajaanza uchungu na wa aliyeanza.

Miezi ya kwanza jeni za ukuaji huchapa kazi: mfuko uliokuwa na gramu 70 hivi utafikia kilo 1 mwishoni. Projesteroni nayo hupokewa na protini za aina mbili, A na B, zinazotokana na jeni moja. B ikitawala, jeni za kubana hukaa kimya. Uchungu ukikaribia, A huongezeka, na homoni ileile iliyokuwa ikituliza hukosa nguvu. Damu haijabadili neno; msuli ndio ulioacha kutii.

Hapo jeni zilizolala huamka. Mojawapo hutengeneza koneksini-43, protini inayojenga vijitundu kati ya seli na seli ili umeme wa mwili upite. Mmewaona akina mama wa Kigogo wakipiga muheme, kila mmoja na ngoma yake mapajani? Kabla hawajasikilizana, kila ngoma hulia kivyake. Ndivyo seli zilivyo kabla ya vijitundu kuwa vingi: tumbo hukaza kidogo, likaacha. Baadaye zote hubana kwa mdundo mmoja, na mlango wa kizazi huanza kufunguka.

Jeni nyingine hutengeneza vipokezi, yaani protini zinazoipokea oksitosini, homoni inayoufanya msuli ubane. Mwaka 1906 huko Uingereza, Henry Dale aligundua kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo huufanya mfuko wa uzazi wa paka ubane. Oksitosini ilikuwa humo. Mimba ikiwa changa vipokezi ni vichache, uchungu ukifika ni tele. Ndiyo sababu sindano ya oksitosini, ambayo mkunga humchoma mama pajani mara mtoto anapotoka, huukaza mfuko upesi na kuzuia damu nyingi isimwagike.

Wakati mwingine msuli huamka mapema, mtoto akazaliwa kabla ya wiki 37, mapafu yake yakiwa bado machanga. Watafiti wanaendelea kuzichunguza jeni hizi wajue ni nini kinachoziamsha mapema. Kwa hiyo mkimsikia dada au shangazi mwenye mimba akisema tumbo linambana, linaacha, linambana tena, na miezi haijatimia, msingoje asubuhi. Mwamsheni mtu mzima ampeleke kituo cha afya.