Nauli ya kazi isile mtaji wa shamba

Leo sizungumzii kantangaze wala mbolea. Nazungumzia hela ya safari. Juzi kijana mmoja wa upande wa Poli alinipigia: "Bwana shamba, mnunuzi wa Dar ananiita nikaonane naye, nauli sina. Kuna jamaa anakopesha ila anataka kadi ya pikipiki. Nimpe?"

Nilimwambia subiri, nije tuongee. Hilo shimo mimi nimeshaingia.

Yaliyonikuta mimi

Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini. Nikaitwa kwenye mafunzo ya siku tano Morogoro. Maelekezo yalikuwa mafupi: jigharamie, tunza risiti, utarejeshewa. Nikapiga hesabu ya nauli, gesti na chakula, ikaja shilingi 280,000. Mfukoni nilikuwa na 80,000.

Nikajaribu simu. Laini yangu ilikuwa mpya, kiwango nilichopewa hakikutosha hata nauli ya kwenda. Benki sikuwa na historia yoyote. Nikaishia kwa mkopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita kausha damu. Akanipa 200,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, nikamwachia kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Ndiyo, na namba ya siri. Usicheke, wapo watumishi wengi wanafanya hivyo mpaka leo.

Mafunzo yalikuwa mazuri. Marejesho yakaja wiki ya saba. Kufikia hapo riba imeshahesabiwa miezi miwili, kwa hiyo nilimlipa yule jamaa 320,000. Nilirejeshewa 280,000 kamili, kama risiti zilivyosema. Yaani hela yote ya marejesho haikutosha kumlipa, nikaongeza 40,000 yangu, na ile 80,000 ya mwanzo ikaenda na maji. Hasara 120,000 kwa safari ya kazi.

Sikuibiwa. Tatizo ni kwamba anayekurejeshea gharama anaangalia risiti, na riba haina risiti ya safari. Kila siku anayochelewa unailipa wewe.

Piga hesabu kwa matenga

Sasa turudi kwa kijana wa Poli. Nilikaa naye na daftari. Kwenda Dar na kurudi, zaidi ya kilomita 600 kila upande, na kulala usiku mmoja, aliweka 180,000. Nikamuuliza: kwenye tenga moja la nyanya, ukitoa gharama zote, unabaki na shilingi ngapi? Akasema kama 6,000 bei ikiwa nzuri. Basi safari hiyo ni matenga 30. Ukikopa kwa riba ya asilimia 20 ukarudisha ndani ya mwezi, inakuwa 216,000, sawa na matenga 36. Mwezi wa pili ukikukuta bado, ni matenga 42.

Swali likawa: huyo mnunuzi atachukua matenga mangapi zaidi ya unayouza sasa pale Kilombero au Tengeru? Hakujua. Hajawahi kumuuliza. Kama hujui jibu, hiyo safari bado haijaiva.

Kabla ya kukopa nauli

Kwanza, tuma mzigo wa mfano. Weka nyanya kwenye boksi, peleka stendi, basi litafika nalo, mnunuzi akaone ugumu na ukubwa. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na wewe kusafiri.

Pili, muulize anayekuita: "Mkuu, nauli inakaaje?" Siyo utovu wa adabu. Mnunuzi mwenye nia anaweza kutuma hata nusu, ikakatwa kwenye mzigo wa kwanza. Kama ni semina, uliza marejesho yanalipwa lini na kwa risiti zipi, upate jibu kwa maandishi, hata ujumbe wa simu.

Tatu, nendeni kwa uwakilishi. Wakulima watano mkichanga 36,000 kila mmoja, mtu mmoja anakwenda kwa niaba ya wote, na mnunuzi anaona kundi lenye mzigo.

Nne, subiri uwe na mzigo, upande na gari linaloupeleka. Utaona soko na dalali kwa macho yako.

Ukilazimika kukopa

Kopa kile kidogo kinachopungua, usikope safari nzima. Huduma za kuongezea salio kwenye simu zinafaa kwa siku chache, siyo kwa deni la kusubiri marejesho, kwa sababu nyingi zinatoza ada kadiri siku zinavyokwenda. Soma ada kabla ya kubonyeza kukubali.

Programu za mikopo za kwenye simu uwe nazo makini. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hiyo wanachota namba zote kwenye simu yako, ukichelewa wanawatumia ndugu zako na wateja wako ujumbe wa kukuaibisha. Mnunuzi akipata ujumbe kama huo, biashara imekufa. Uliza leseni kwanza.

Na kadi ya benki, namba ya siri, kadi ya pikipiki, pampu ya maji: usimwachie mtu kwa sababu ya nauli. Pampu ikiondoka, nyanya zako hazitasubiri umalize deni.

Jenga jina kabla hujalihitaji

Mkopeshaji hakukatai kwa sababu ni mbaya. Hakujui tu. Sajili laini kwa NIDA yako mwenyewe, siyo ya shemeji, na hela za mauzo zipitie humo au benki badala ya kubaki mfukoni. Ukikopa 20,000, lipa kabla ya siku. Taarifa za mikopo ya benki hupelekwa kwenye kanzidata ya wakopaji, na zipo kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo, zinazotoa ripoti yako. Deni dogo ulilolipuuza linaweza kukufuata siku unaomba mkopo wa greenhouse.

Jiunge pia na SACCOS au VICOBA ya hapo ulipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitambua vyote viwili. Wanakikundi wanakujua kwa hisa zako, na riba yao mara nyingi inavumilika. Kila ukiuza, tenga kitu kidogo cha safari, hata 1,000 kwa tenga. Matenga 180 ni Dar kwenda na kurudi bila deni la mtu.

Yule kijana hakutoa kadi ya pikipiki. Alituma boksi mbili kwa basi. Mnunuzi alipiga simu siku ya pili, akasema nyanya nzuri ila zimeiva mno kwa safari, zichumwe zikiwa zinaanza kubadilika rangi. Somo hilo angelikopea 180,000.

Kazi njema, tukutane shambani.