Daktari wa Karema na Familia Kubwa ya Watawa

Siku hizi Karema hutajwa zaidi kwa sababu ya bandari. Ni kijiji cha Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara kusini-magharibi ya Mpanda mjini, na wafanyabiashara wanakipigia hesabu za mizigo ya kwenda Kongo. Kwa Wakatoliki wa Rukwa na Katavi, hata hivyo, jina hilo lina uzito wa zamani zaidi. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold II, alianza kujenga ngome pale kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885, Wabelgiji walipoona upande huu unaangukia mikononi mwa Wajerumani, waliikabidhi ngome hiyo kwa Wamisionari wa Afrika, wale ambao kwa sababu ya kanzu zao waliitwa Mapadri Weupe.

Miaka minne baadaye akafika hapo kijana aliyeitwa Adrian Atiman. Alizaliwa miaka ya 1860 huko Tundurma, karibu na Timbuktu, katika nchi inayoitwa leo Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, na hatimaye akakombolewa na Mapadri Weupe nchini Algeria. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa na wazo ambalo wengi wa zama zake waliliona la ajabu: kuwasomesha udaktari vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, kisha kuwarudisha barani wakiwa waganga na makatekista kwa pamoja. Mwaka 1881 alifungua chuo cha kazi hiyo katika kisiwa cha Malta, na Atiman akawa mmoja wa wanafunzi wake.

Alifika Karema mwaka 1889 na hakuondoka. Alitibu, alifundisha katekisimu, alioa mwanamke wa huko aitwaye Agnes, na mwanawe Joseph alikuja kuwa padri. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake kama alivyoyasimulia mwenyewe. Alifariki mwaka 1956 palepale Karema, baada ya utumishi wa miaka 67.

Atiman hakuwa padri wala bruda. Hakuweka nadhiri ya useja. Alikuwa mume na baba, mwenye nyumba yake kijijini. Hata hivyo hakuna anayeweza kusimulia habari za Mapadri Weupe wa Ziwa Tanganyika akamruka. Ng'ambo ya ziwa alikuwako mwingine wa aina hiyo, Kapteni Leopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa. Naye alikuwa mlei, akaoa Mwafrika, akaishi na kufa huko huko Kongo mwaka 1927. Watu hawa wawili walibeba roho ya shirika ambalo hawakuwa watawa wake. Kanisa la leo lina jina kwa watu kama hao: walei washiriki.

Masista wana sehemu yao katika hadithi hii. Mwaka 1869, mwaka mmoja tu baada ya kuanzisha shirika la mapadri, Lavigerie alianzisha la wanawake, Masista Wamisionari wa Bibi Yetu wa Afrika. Masista Weupe, kama walivyozoeleka, walifika bara katika miaka ya 1890. Misheni ya Karema ilikuwa na wasichana waliokombolewa utumwani na wengine wa vijiji vya jirani, na baadhi yao wakaanza kuomba kuishi kama wale masista waliowalea. Mwaka 1907 Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza Vikarieti ya Tanganyika tangu 1891, alianzisha kwa ajili yao shirika la wenyeji: Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Leo makao yao makuu yako Sumbawanga. Kwa hiyo moja ya mashirika ya kwanza ya masista Waafrika katika nchi hii lilichipukia katika ardhi ambayo leo ni ya Mkoa wa Katavi, jambo ambalo wakazi wengi wa Mpanda mjini hawalijui.

Tazama mpangilio wa miaka. Mlei Atiman alitangulia kufika Karema; shirika la masista wenyeji lilizaliwa miaka 18 baadaye. Anayedhani kwamba walei wanaoshiriki kazi na sala za watawa ni mtindo mpya ulioletwa na wageni, aanze kwa kuhesabu hapo.

Lakini mshiriki mlei ni nani hasa? Ni Mkristo wa kawaida, mwanamke au mwanamume, aliyeoa, aliyeolewa, mjane au mseja, anayevutwa na karama ya shirika fulani. Karama ni ile zawadi ya pekee ambayo mwanzilishi aliipokea: huyu kuwahudumia wagonjwa, yule kuwafundisha wasichana, mwingine kuwapokea wasio na kwao. Mshiriki haachi ajira, hahami nyumbani kwake, havai vazi la kitawa. Anajifunza historia na sala za shirika, kisha anatoa ahadi ya kuiishi karama hiyo pale alipo: wodini, darasani, shambani, gengeni.

Tofauti ya ahadi na nadhiri si ndogo. Sista huweka nadhiri za usafi, ufukara na utii mbele ya Kanisa, na nadhiri hizo hupanga maisha yake yote, pamoja na mali na makazi. Ahadi ya mshiriki haivunji wala haigusi ahadi yake ya ndoa. Mara nyingi hurudiwa kila mwaka, na asiyetaka kuendelea huondoka kwa amani. Mashirika mengi huweka wazi pia mambo ya fedha: mshiriki halipwi kwa ushiriki wake, hana sauti katika mali ya shirika, na shirika halibebi ada za watoto wake wala matibabu yake ya uzeeni.

Mzizi wa jambo hili uko mbali. Tangu karne ya 13 watu wenye familia waliomwandama Fransisko wa Asizi waliunda kile kilichoitwa Utawa wa Tatu, na kanuni wanayoifuata leo iliidhinishwa na Papa Paulo VI mwaka 1978. Wabenediktini, ambao Watanzania wanawafahamu kwa abasia za Peramiho na Ndanda, wana waoblati wao: walei wanaojifunga na monasteri moja huku wakiendelea na maisha ya nyumbani. Dorothy Day, mwandishi wa habari wa Marekani aliyewafungulia maskini nyumba na kuwapikia supu, alikuwa mmoja wao. Don Bosco naye aliwapanga wasaidizi walei wa Wasalesiani mwaka 1876.

Kilichobadilisha mambo kwa mashirika ya masista ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1965 hati yake kuhusu maisha ya kitawa iliwataka watawa wote warudi kwa waanzilishi wao na kuuliza upya: tuliitwa kwa ajili gani? Walipochimba, wengi waligundua kwamba waanzilishi hawakuwahi kufanya kazi peke yao. Walizungukwa na akina mama wa mtaa, mafundi, madaktari, wafadhili na wapishi. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya maisha ya wakfu, alisema wazi kwamba mashirika mengi yamefikia kuona karama yao inaweza kushirikishwa kwa walei. Sheria ya Kanisa nayo, katika kanuni ya 303, inayatambua makundi ya waamini wanaoishi ulimwenguni kwa roho ya shirika la kitawa.

Sababu za kuenea kwake, hata hivyo, si moja kila mahali, na hapa ndipo mjadala wetu unapopaswa kuwa wa kwetu. Nchini Marekani masista walikuwa karibu 180,000 mwaka 1965. Kufikia 2014 walikuwa wamepungua chini ya 50,000, wengi wao wazee. Shirika lenye masista wachache wenye umri wa miaka 80 linapowakaribisha walei, swali lililo nyuma ya ukaribisho huo ni zito: nani ataibeba kazi hii sisi tukiisha?

Tanzania haina swali hilo, walau kwa sasa. Nyumba za malezi zina wasichana. Swali la Katavi ni la eneo na idadi ya watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa huu uliokuwa mchanga kabisa, umemegwa kutoka Rukwa mwaka huohuo. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Idadi imezidi maradufu ndani ya miaka 10: wafugaji wamehamia na ng'ombe wao, wakulima wamefuata ardhi, wachimbaji wamefuata dhahabu. Makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyofunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi katika miaka ya 1970, yamejaa watu ambao wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Jimbo la Mpanda, lililomegwa kutoka Sumbawanga mwaka 2000 na linaloongozwa na Askofu Eusebius Nzigilwa tangu 2020, linawahudumia waamini waliotawanyika katika eneo hilo lote.

Katika vigango vya mbali padri hafiki kila Jumapili. Ibada huongozwa na katekista. Masista wenye zahanati au shule hawawezi kufika kila kitongoji. Mwenye kufika ni yule anayeishi huko tayari: mkunga, mwalimu wa chekechea, mwenyekiti wa jumuiya. Akiwa amelelewa katika karama ya shirika, huduma ya masista inapata miguu mahali ambapo gari lao halijawahi kukanyaga. Hivyo ndivyo Atiman alivyofanya kazi, na hakuna aliyemwita msaidizi wa muda.

Sasa lije neno la tahadhari, maana sisi tunajuana. Parokia zetu hazina upungufu wa vyama. Jumuiya ndogondogo zimekuwa msingi wa kichungaji wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970. WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, ipo tangu 1972. Kuna Legio Maria, kuna vyama vya Moyo Mtakatifu, kuna kwaya tatu zinazogombea misa moja. Mama mmoja anaweza kuwa na vikao vinne kwa wiki na michango saba kwa mwezi. Ushiriki katika karama ukija kama chama cha tano, chenye sare ya kitenge, katiba ya kurasa 20 na mwekahazina, utakuwa umekufa kabla ya kuzaliwa. Kitenge si dhambi. Tatizo ni kwamba mara nyingi kinatangulia malezi, na kikitangulia kinakaa mahali pa malezi hayo.

Hatari ya pili haisemwi sana. Shirika linaweza, bila kukusudia ubaya, kumfanya mshiriki kibarua wa bure: leo apike kwenye jubilei, kesho afyeke shamba la masista, keshokutwa auze tiketi za harambee. Kusaidiana ni kwema, ila kazi hizo zinaweza kufanywa na jirani yeyote mwenye moyo. Mshiriki anaitwa kwa jambo jingine: aishi karama katika kazi yake mwenyewe. Nesi mshiriki wa shirika la wauguzi hapimwi kwa mara ngapi amefika kwenye nyumba ya masista, bali kwa namna anavyomsemesha mjamzito aliyefika zahanati saa nane usiku bila kadi ya kliniki.

Kuna pia wanaume, ambao hapa kwetu hudhani mambo ya masista ni ya wanawake. Mashirika mengi duniani hupokea wanaume kama washiriki, na historia ya Karema yenyewe inawakataza akina baba wa Katavi kujitenga. Atiman alikuwa baba wa familia.

Linalotakiwa, basi, ni malezi. Mashirika yenye uzoefu hutumia miezi mingi, wakati mwingine mwaka au zaidi, kabla ya kumruhusu mtu atoe ahadi: mikutano ya kila mwezi, mafungo, kusoma maisha ya mwanzilishi, na sista mmoja aliyepewa jukumu la kuwalea badala ya kuwatembelea anapopata nafasi. Mwenye ndoa huzungumza na mwenzake mapema, maana ahadi inayozua ugomvi nyumbani haijengi chochote. Paroko naye ajue, ili washiriki wasiwe kundi la pembeni linalofanya mambo yake.

Msomaji wa Mpanda, Inyonga, Usevya au Karema anayejisikia kuvutwa na maisha ya masista wa parokia yake, na ambaye Mungu alishampa familia, aende awaulize mambo mawili: mwanzilishi wenu alitaka nini, na je, mna nafasi ya walei katika kazi hiyo? Kama nafasi haijawahi kuwepo, awaombe waanze na watu watano tu, kwa mwaka mmoja, bila sare wala mchango.