Mwenda tezi na omo: Safari ya kikundi ikiisha, wewe unarudi na nini?

Kabla ya safari mlipewa orodha ndefu. Pasipoti, viza, cheti cha chanjo, koti la baridi, nambari ya simu ya kiongozi. Mkaitwa mikutano mitatu minne, mkaelezwa hata saa ya kulala. Lakini orodha ya kurudi alikupa nani? Hakuna. Mmetua, mmekumbatiana, mmeahidiana kuonana karibuni, kila mtu akashika njia yake. Wewe umepanda matatu Mombasa, Mtwapa hiyo, daraja la Kilifi hilo, Gede, na jua halijazama uko Malindi unaburura sanduku, watoto wa jirani wakikuuliza umewaletea nini.

Wengi hudhani safari imeishia hapo. Sivyo. Kuna sehemu moja imebaki, na ndiyo hiyo watu wa pwani hii tumeipoteza mara nyingi, tangu zama za majahazi.

KUNDI LIMENYAMAZA

Iwe mlienda na kwaya, timu ya kandanda, kikundi cha ngoma au sarakasi, wanafunzi wa kubadilishana au jamaa wa umra, mwisho wake hufanana. Wiki ya kwanza kundi la WhatsApp linawaka moto: picha mia mbili, vicheko, "nimewamiss sana". Wiki ya pili ni salamu za asubuhi tu. Mwezi ukiisha, mtu anatuma tangazo la kuuza simu, na hakuna anayejibu.

Usihuzunike sana. Kikundi cha safari hushikwa na ratiba moja, basi moja na kiongozi mmoja wa kunung'unikiwa na wote. Vikiondoka hivyo, kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Urafiki wa kweli utabaki kwa wawili watatu, na hao wanatosha. La kuhofia ni kwamba kumbukumbu nazo zitanyamaza vivyo hivyo, moja baada ya nyingine, mpaka ubaki na picha ambazo huwezi hata kusema zilipigwa mji gani.

TWIGA TUNAMJUA, WATU HATUWAJUI

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi walifika mbele ya mfalme Yongle wa Uchina wakiwa na zawadi ambayo haikusahaulika: twiga. Wachina walimfananisha na qilin, mnyama wa heri katika hadithi zao. Wajumbe hao hawakurudi upesi. Mwaka 1417 amiri Zheng He aling'oa nanga kwa msafara wake wa tano, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuwarejesha makwao wajumbe wa nchi mbalimbali.

Fikiria hiyo ziara, ndugu yangu. Wamevuka bahari kwa kufuata pepo, wameona miji mikubwa, wamekula vyakula wasivyovijua, wamesikia lugha ambayo hakuna kwao aliyewahi kuisikia. Kisha siku moja wanakanyaga tena mchanga wa nyumbani. Bila shaka jioni hiyo Malindi nzima ilikaa kuwasikiliza. Walisema nini? Waliwasifu wenyeji wao? Walilalamikia baridi? Walicheka nini njiani?

Hatujui. Hata majina yao hatunayo. Aliyeandika ni mwenyeji, naye aliandika yaliyomhusu yeye, yaani twiga. Wageni wenyewe hawakutuachia hata mstari mmoja.

Vitu vimebaki. Gede, mji wa magofu ulioingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, vimefukuliwa vipande vya kauri za Kichina. Mambrui, hapo kaskazini mwa mji, wataalamu wa Kenya na Uchina walifukua mwaka 2010 sarafu ya enzi ya Yongle. Sarafu tunayo. Stori hatuna.

Miaka themanini hivi baadaye, Aprili 1498, Vasco da Gama alitia nanga Malindi. Mmoja wa watu wake alikuwa na tabia ya kuandika kila kilichotokea. Leo tukitaka kujua Malindi ya mwaka ule ilikuwaje, mfalme alivaa nini, watu walikuja vipi kuwalaki wageni, tunasoma shajara ya yule baharia Mreno. Umeona mambo hayo? Tulipokwenda kwa watu, waliandika wao. Walipokuja kwetu, wakaandika wao tena.

WALIOANDIKA, TUNAWASOMA HADI LEO

Si kwamba watu wetu hawawezi. Mwaka 1875 Sultani Barghash wa Zanzibar alizuru Uingereza na ujumbe wake. Hiyo ilikuwa ziara ya kikundi hasa, yenye ratiba na wenyeji wa kuwapokea. Katibu wake, Zahir bin Said, akaiandika kwa Kiarabu ikawa kitabu. Sultani naye alirudi akaendelea kuujenga mji wake, na mwaka 1883 jumba la Beit al-Ajaib likasimama.

Mwaka 1896, Salim bin Abakari alifuatana na mwajiri wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia. Alisimulia kwa Kiswahili, na mwaka 1901 simulizi yake ikachapishwa pamoja na nyingine katika kitabu Safari za Wasuaheli. Hakuwa sultani wala mjumbe wa mfalme. Alikuwa mtu wa kazi, lakini jina lake tunalo, na Siberia ya macho yake tunayo. Hiyo ndiyo tofauti kati yake na wale wajumbe wa twiga.

HARAMBEE NI DENI

Sasa tuje kwako. Nauli ya safari yenu ilitoka wapi? Kama vikundi vingi vya Kilifi na Malindi, pengine kuna mfadhili aliyelipa tiketi. Lakini pasipoti je? Nauli ya kwenda Nairobi kutafuta viza? Koti? Hapo palipitishwa bahasha. Mama wa mahamri alitoa mia mbili. Mjomba alituma elfu moja kutoka baharini kabla hajauza samaki. Chama cha mama kikakopesha.

Watu hawa hawakudai sumaku ya kubandika kwenye friji. Wanadai habari. Na si habari ya "kulikuwa kuzuri sana", bali ile inayomwezesha asiyekwenda kuona. Kaa chini na nyanya yako umweleze mkate wao ulivyo, wazee wao wanaishi na nani, mvuvi wao anauza wapi samaki. Yeye ndiye atakayekuuliza swali la maana kuliko mtu wa Instagram.

Na useme yote. Sema jinsi mlivyosimamishwa uhamiaji nusu saa wakati wengine wanapita. Sema kwamba siku ya nne ulilia bafuni kwa upweke. Kama mwenzenu alitaka kuchepuka abaki huko, mlizungumze waziwazi katika kikundi, kwa sababu mkienda kumi mkarudi tisa, anayelipa ni kikundi kitakachoomba viza mwaka ujao. Ukisimulia sukari tupu, unamdanganya mdogo wako anayejiandaa kwenda.

Ila kuna kosa la upande wa pili pia. Usiwe yule mtu ambaye kila sentensi yake huanza "kule kwa wenzetu". Ukiona tuktuk imechelewa, kule kwa wenzetu. Ukiona taka sokoni, kule kwa wenzetu. Mara ya tatu mabeste watakukimbia, na haki yao. Kama umeona jambo zuri, lianzishe hata kwa udogo wake, halafu ndipo uwaambie ulikoliona.

FANYA HAYA WIKI HII

Kwanza, chukua daftari uandike siku kwa siku kabla hujasahau: mlikula nini, nani alisema nini, kipi kilikushtua. Kiswahili cha kwenu kinatosha, Kigiriama kinatosha.

Pili, chagua picha ishirini, uziandikie jina la mahali na tarehe. Zilizobaki zikipotea, basi.

Tatu, mwombeni kiongozi mkutano mmoja wa mwisho, na muwaalike waliochanga. Semeni fedha zilivyotumika, mlichojifunza, na kile ambacho kikundi kijacho kisirudie.

Nne, mwandikie mwenyeji wako mmoja. Ujumbe mfupi tu wa shukrani, ukiambatana na picha ya kwenu.

Wazee wa bahari husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Uzunguke nyuma ya chombo na mbele yake, mwisho utarudi tumboni mwake, panapowekwa mizigo. Mizigo yako ni hayo uliyoyaona. Yashushe mapema, maana siku moja mtoto wa Mambrui au Takaungu atataka kujua vijana wa zama zetu walikwenda wapi na wakaona nini, na itakuwa aibu akimkuta twiga peke yake.